Bati, kadi ya picha na piloti iliyofungwa

Vijana wawili waliokimbia vita Masisi walituletea kompyuta ya mtumba. Walikuwa wameweka ndani Linux, ile sistemu ya bure, kwa sababu Windows mpya ilikuwa nzito mno kwa mashini yao. Siku waliyopata intaneti wakaipa Linux toleo jipya, na kioo kikawa cheusi. Wakauliza: mashini imekufa?

Haikufa. Kadi yake ya picha ndiyo iliyoachwa njiani, na habari hiyo ina historia.

Kadi ya picha hutengeneza kila kitu mnachoona kwenye kioo. Lakini yenyewe haijui kuongea na sistemu. Inahitaji programu ya katikati, kama mkalimani. Kwa Kifaransa inaitwa pilote, na vijana wetu wanasema piloti. (Kwetu Walikale neno hilo linakumbusha mengine: ndege ndogo zilizokuwa zikitua juu ya barabara pale Kilambo, kupakia kasiteriti ya Bisie na kuipeleka Goma. Kabla ya hapo wabebaji walikuwa wameshaitoa mgodini kwa miguu, kilo 50 mgongoni, kilomita zaidi ya 40 za msitu hadi Njingala.)

Ugomvi wa programu za namna hii ulianza na printa. Karibu mwaka 1980, huko Marekani, Richard Stallman alikuwa anafanya kazi chuoni MIT. Printa yao ya Xerox ilikwama karatasi kila mara. Alitaka kurekebisha programu yake ili iwajulishe watu inapokwama, lakini alinyimwa maandishi ya ndani ya programu ile. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU: programu ambazo kila mtu anaweza kuzisoma, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaleta kiini cha Linux.

Makampuni ya kadi za picha hayakufuata njia hiyo mara moja. Nvidia ilitoa piloti ya Linux bila malipo, lakini imefungwa: unaitumia, ndani husomi. Tuseme ukweli, piloti hiyo ilikuwa na nguvu, na wengi waliifurahia. AMD, iliyonunua kampuni ya ATI mwaka 2006, ilitangaza Septemba 2007 kwamba itatoa maelezo ya kadi zake ili watu waandike piloti wazi. Kwa kadi za Nvidia, watu wa kujitolea walianzisha mradi wa nouveau, wakichunguza kadi kama fundi anayefungua redio bila mchoro. Kisha, kwa kadi zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2014, kampuni ikadai sahihi yake kwenye programu za ndani ya kadi. Bila sahihi hiyo, nouveau haikuweza kuzitoa kwenye mwendo wa chini. Mwaka 2012, kwenye chuo cha Aalto huko Finland, Torvalds aliitukana Nvidia mbele ya kamera, kwa ishara ya kidole ambayo sitaieleza, kwa heshima ya wazee wanaotusikiliza.

Mei 2022 Nvidia ilifungua sehemu ya piloti yake. Sehemu tu, na kwa kadi za kuanzia mwaka 2018.

Kadi ya vijana wetu ni GeForce ya mwaka 2010. Kampuni iliacha kuihudumia piloti yake ya Linux mwishoni mwa 2022. Linux inabadilika kila baada ya miezi michache, na piloti iliyofungwa hakuna fundi wa nje anayeweza kuifungua aitengeneze vizuri. Radeon za mwaka 2009 bado zina piloti wazi ndani ya Linux.

Ndani ya Linux: hilo kwetu ni kubwa. Piloti wazi inakuja pamoja na sistemu kwenye fleshi moja. Ile iliyofungwa mara nyingi inabidi kuitafuta kwenye intaneti, na hapa megabaiti zinalipwa.

Kuna jambo lingine linalonisumbua. Karibu nusu ya bati la dunia inakwenda kwenye kulehemu vipande vya umeme, na kadi ya picha imejaa lehemu. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, inayoyataka makampuni ya kwenye soko lake la hisa yaeleze kama bati, koltani, wolframu na dhahabu yao vimetoka Kongo ama kwa majirani. Septemba mwaka uleule Rais Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu na Maniema hadi Machi 2011, na krezeri wengi walilala njaa. Kwa hiyo jiwe letu linadaiwa maelezo. Piloti ya kadi iliyolehemiwa kwa bati haidaiwi kitu, na anayeachwa na kioo cheusi ni huyu wa mwisho kabisa, mnunuzi wa mtumba.

Tulitoa piloti iliyofungwa, tukaiachia nouveau kazi. Kioo kikawaka. Ni polepole, video inakwamakwama, lakini barua zinaandikwa na sauti za redio zinakatwa bila shida. Mkienda sokoni kununua mashini ya zamani, mwulizeni muuzaji kwanza jina la kadi yake.