Fee simple na konsesyo ya kudumu: haki mbili za ardhi

Anayesomea leseni ya kuuza nyumba na viwanja katika jimbo la Texas hutakiwa kumaliza saa 180 za masomo, kozi sita za saa 30 kila moja. Akiwa mtu wa Kasongo au Kabambare nchini Kongo, aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kupelekwa Houston, hesabu za mkopo hazitamtisha sana. Kazi ipo kwenye istilahi ambayo mtihani huijengea nusu ya sheria ya ardhi: fee simple.

Kamusi itamwambia fee ni ada na simple ni rahisi. Asiifuate. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mfalme. Mabwana waliishika kwa ajili yake, nao wakawagawia walio chini yao. Ardhi iliyoweza kurithiwa ndiyo iliyoitwa fee. Nyingine ilifungwa kwa wazao wa aliyeipewa peke yao. Ile isiyobagua mrithi ikaitwa simple. Mwaka 1290 sheria ya Quia Emptores ikamruhusu mshika ardhi huru kuiuza bila kumwomba bwana wake. Marekani ikairithi haki hiyo. Kwa Kiswahili ningeiita milki kamili ya urithi: mwenyewe huuza, hugawa, huweka rehani na kurithisha amtakaye. Bado serikali humtoza kodi, humwekea kanuni za ujenzi, huweza kuitwaa ardhi kwa faida ya umma ikilipa fidia, na huichukua akifa bila wosia wala mrithi. Mambo hayo manne mtahiniwa ayajue kwa moyo.

Sasa arudi nyumbani kwa mawazo. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, yasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo ni mali ya Leta, yaani dola, peke yake, hauuzwi wala haupotei kwa kupita kwa miaka. Raia hapewi udongo, hupewa konsesyo. Kasongo ukitaja konsesyo, wengi watafikiria eneo kubwa la misheni au la kampuni. Katika sheria konsesyo ni mkataba: Leta inamtambulia mtu haki juu ya ardhi, hata kama ni parsele ndogo ya mjini. Konsesyo ya kudumu ni ya mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo, haina ukomo maadamu masharti yanatimizwa. Kampuni na mgeni hupata konsesyo ya kawaida, yenye muda.

Kifaransa cha sheria husema jouir. Kutumia ni neno dogo mno kwa haki hiyo, kwa sababu mwenye konsesyo hujenga, huvuna, hupangisha na huwaachia watoto. Kumiliki nalo ni kubwa mno. Ninachagua kufaidi: konsesyo ya kudumu ni haki ya kufaidi ardhi daima. Tanzania, ambako ardhi ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, watu husema hati miliki hata kwa haki ya miaka 33, 66 au 99, nao wamezoea. Nisingependa neno hilo livuke ziwa, maana litamfanya mnunuzi wa Kasongo aamini ana fee simple.

Na huyo mnunuzi mara nyingi ndiye yule aliye Houston. Anatuma pesa, komisionere, yaani dalali, anatafuta kiwanja, muuzaji na mashahidi wanatia sahihi, picha ya karatasi inafika kwenye simu. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba pesa zimelipwa. Haki yenyewe, kwa kifungu cha 219 cha sheria ile ya Kongo, huthibitishwa na sertifika ya uandikishaji peke yake, inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Ikipita miaka miwili tangu itolewe, sertifika haipingwi tena, na anayedai alidhulumiwa hubaki kudai fidia.

Vijijini Kabambare jambo ni zito zaidi. Mashamba hushikwa na ukoo, shefu na wazee wanajua mipaka kwa mito na miti. Vifungu vya 387 hadi 389 viliiweka ardhi hiyo chini ya Leta, vikaacha haki za wakaaji zipangwe kwa amri ya Rais ambayo ilingojewa miongo kwa miongo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inalinda haki zilizopatikana kwa sheria au kwa desturi, na hilo ni jambo la thamani kwa mkulima asiye na sertifika. Kwa hiyo mwenye kununua huko amuulize shefu na ukoo mzima, si muuzaji pekee, kisha aende kwa konservateri kuuliza kama kiwanja kile kimekwisha andikishwa kwa jina la mwingine. Pesa zifuate baada ya majibu hayo.