Mahame ya Samia

Vilima vya Samia, karibu na Funyula, vilisifika zamani kwa chuma. Wahunzi waliyeyusha mawe yake, wakafua majembe yaliyouzwa kwa majirani. Walakini jembe halirutubishi ardhi. Rutuba ilitokana na mapumziko. Shamba lililochoka liliachwa likaota nyasi, na boma lilipohamwa, pale walipolala ng'ombe pakabaki udongo mweusi wa samadi iliyovunda. Katika mahame hayo mazao yalisitawi kuliko penginepo.

Desturi hiyo ilihitaji nafasi na mifugo. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wengi Afrika Mashariki. Mwaka 1902 sehemu ya mashariki ya Uganda ilihamishiwa upande wa Kenya, na hatimaye mpaka ukawagawa Wasamia. Ikafuata kodi, na pamba ya kuilipia. Pamba ilikwenda zake ng'ambo, na kilichotoka udongoni hakikurudi. Watu wakaongezeka, baba akawagawia wanawe vipande, mahindi yakapandwa pale pale kila mwaka. Ndipo kiduha, ambacho Waluo hukiita kayongo, kilipostawi: gugu lenye maua ya zambarau, linyonyalo mizizi ya mahindi na mtama. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo huweza kungoja ardhini zaidi ya miaka 10. Gugu hilo hupenda udongo dhaifu.

Huko Indore, Bara Hindi, kati ya 1924 na 1931, Mwingereza Albert Howard aliitungia kanuni hekima ya wakulima wa Asia: tabaka za majani makavu, samadi, majivu kidogo na maji, kisha lundo kugeuzwa. Likivunda vema, joto lake hupita digrii 60 na kuua mbegu nyingi za magugu. Baada ya miezi 3 mbolea huwa tayari. Kwa maoni yangu, hilo si jambo geni kwa Msamia. Ni mahame yaliyoharakishwa.

Funyula haikosi vya kuvundisha. Tithonia, lile ua la manjano la kando ya njia, lina naitrojeni nyingi majanini, kama watafiti wa Maseno walivyoonyesha katika miaka ya 1990. Lakini tusidanganyane: majani yaliyoota katika udongo usio na fosforasi ya kutosha hayawezi kuiumba. Kwa sababu hiyo, katika majaribio ya magharibi mwa Kenya ya miaka hiyo hiyo, mashamba yaliongezewa pia unga wa mwamba wa fosfati kutoka Minjingu, Tanzania.