Je, mashini zenye akili zaweza kumaliza wanadamu? Swali la mwaka 1942 limerudi

Siku hizi swali moja linaulizwa kila mahali, katika magazeti, katika vyuo, hata katika mabunge ya inchi kubwa: je, mashini hizi mpya, zinazojibu kama mtu na kuhesabu kuliko mtu, zaweza siku moja kumaliza ukoo wote wa wanadamu? Wako wanaocheka. Wako wanaopiga makelele ya woga. Sisi tunaona ya kuwa, kabla ya kucheka ao kulia, yafaa kuuliza historia. Kwa maana swali la namna hii liliisha kuulizwa mara moja, juu ya kitu kingine, na kitu kile kilitoka katika udongo wetu wa Katanga.

Mwaka 1942, katika mwezi wa Julai, bwana Robert Oppenheimer aliwakusanya wenye elimu wachache huko Berkeley, katika Marekani, wapate kutafuta namna ya kutengeneza bomu ya atomiki. Mmoja wao, Edward Teller, akaweka neno zito katikati yao: moto wa bomu ile utapita moto wa ndani ya jua, je, hautawasha hewa yenyewe, na maji ya bahari, hata dunia nzima iungue kwa mara moja? Mwenzake Hans Bethe akashika kalamu, akapiga hesabu, akaona ya kuwa haiwezekani, kwa sababu joto lingepotea upesi kuliko lile ambalo moto ungezaa. Hesabu zile zikarudiwa. Karatasi ya siri waliyoiandika Konopinski, Marvin na Teller mwenyewe ina tarehe ya mwaka 1946, yaani nyuma ya mabomu. Lakini swali lilikuwa limeulizwa na kujibiwa mbele.

Wakati ule madini yetu yalikuwa yamekwisha kufika New York. Bwana Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikuwa ametuma huko, mwaka 1940, tani karibu 1.200 za uraniumu kutoka Shinkolobwe, si mbali na Likasi. Ziliwekwa katika depo ya Staten Island. Katika mwezi wa Septemba 1942 ofisa mmoja wa jeshi, Kenneth Nichols, akaja kwake kuzinunua zote. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu iliyoanguka Hiroshima ilitoka kwetu. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa kitu.

Huko Roma, tarehe 21 Februari 1943, Papa Pius XII alisema na Akademia yake ya sayansi juu ya nguvu hii ya uraniumu. Akawaonya ya kuwa isiachwe kulipuka ovyo, isije ikaleta msiba mkubwa, si kwa fasi ile tu, bali kwa sayari yetu nzima. Miaka miwili na nusu ilikuwa bado kufika Hiroshima. Katika vita ile wachache walisikia.

Arthur Compton, mmoja wa wakubwa wa kazi ile, alimsimulia mwandishi Pearl Buck mwaka 1959 ya kuwa walijiwekea mpaka: kama hatari ya kuwasha dunia ingepita kidogo tu tatu katika milioni, wangeacha kazi. Bethe hakupenda masimulizi ya namna hiyo; kwake yeye hatari haikuwa ndogo, haikuwapo kabisa. Hata hivyo, tukumbuke ile tatu katika milioni, tutairudia.

Lakini hata hesabu ya wenye elimu yaweza kukosa. Tarehe 1 Machi 1954, huko Bikini, katika bahari ya Pasifiki, Wamarekani walilipusha bomu ya idrojeni. Walingoja nguvu ya megatoni karibu 6, ikatoka 15. Namna moja ya litiumu, waliyodhani imelala tu, iliingia katika moto pamoja na ingine. Majivu yakaangukia mashua ya wavuvi wa Japani, watu 23, waliokuwa mbali wakitafuta samaki. Mmoja wao alikufa mwezi wa Septemba mwaka ule.

Tumesimulia haya kwa urefu kwa sababu mambo ya mashini yalianza karibu wakati uleule, nayo yalikuwa na waonyaji wao. Alan Turing, Mwingereza aliyesaidia kufungua maandiko ya siri ya jeshi la Wajerumani katika nyumba ya Bletchley Park, alisema huko Manchester mwaka 1951 ya kuwa mashini ikianza kufikiri kweli, haitakawia kupita akili yetu dhaifu, na ya kuwa inafaa kungoja siku zitakaposhika utawala. Mwenzake wa Bletchley, Irving John Good, aliandika mwaka 1965: mashini inayopita mtu katika kila kazi ya akili itaweza nayo kuunda mashini ingine bora kuliko yenyewe, kwa hiyo itakuwa kitu cha mwisho ambacho mtu atahitaji kuvumbua. Akatia sharti: kama mashini ile ni tulivu ya kutosha hata itufundishe ginsi ya kuiongoza. Wengi wanalipenda neno la kwanza. Sharti wanalisahau.

Kwetu sisi, aliyeona vizuri kuliko wote ni Norbert Wiener. Mwaka 1960 aliandika ya kuwa mashini inafanya kazi upesi kuliko sisi. Tukigundua kosa, pengine imekwisha kulifanya. Basi yatupasa kuwa na hakika kabisa ya kuwa neno tulilotia ndani yake ndilo tunalolitaka kweli. Tutoe mfano wetu. Mwambie mtumishi: «Nataka pasiwe na mgonjwa hata mmoja katika kijiji hiki.» Mtumishi mmoja ataleta dawa. Mwingine atawafukuza wagonjwa. Wote wawili wametii. Mtumishi mwenye moyo anaelewa yale usiyoyasema. Mashini, nani atatuhakikishia?

Hapa ndipo tofauti kubwa na mwaka 1942. Bethe aliweza kupiga hesabu kwa maana alijua sheria za atomi. Na hawa wa leo? Ordinatere ya zamani ilifuata amri zilizoandikwa na mtu, moja moja, na aliyeziandika aliweza kuzisoma tena. Mashini ya sasa haitengenezwi vile. Wanaweka ndani yake tarakimu ndogondogo, mamilioni elfu nyingi. Wanailisha maandiko yasiyo na mwisho. Kila mara inapokosa, tarakimu zile zinasukumwa kidogo upande wa jibu jema. Miezi ikipita, inajua kusema. Lakini hapana mtu aliyeandika yaliyomo ndani, na hapana anayeweza kuyasoma yote. Mafundi wake ni kama mkulima: anajua kupanda muhogo, anajua udongo gani unafaa, lakini muhogo haukujengwa kwa mikono yake. Tofauti ni kwamba muhogo tunaujua tangu mababu.

Ndiyo maana maneno ya Geoffrey Hinton yalishtua watu. Huyu ndiye mmoja wa baba wa mashini hizi. Mwaka 2024 alipewa tuzo la Nobel. Mwezi wa Mei 2023 aliacha kazi katika kompanyi ya Google, apate kusema kwa uhuru juu ya hatari yake. Tarehe 30 ya mwezi ule alitia sahihi, pamoja na mamia ya wengine, chini ya tangazo fupi lililosema ya kuwa hatari ya mashini kumaliza wanadamu ihesabiwe sawa na magonjwa ya kuenea ulimwenguni na vita ya atomiki. Wakubwa wa kompanyi zinazotengeneza mashini hizo walitia sahihi nao. Kisha wakarudi kazini.

Mwaka 2023 pia, wenye elimu 2.778 wa kazi hii waliulizwa hatari ni ngapi ya kuwa mashini zitaangamiza watu ao kuwanyang'anya utawala milele. Jibu la katikati lilikuwa tano katika mia. Tusidanganyane: hii si hesabu kama ya Bethe, ni maoni tu, na maoni ya wengi yaweza kukosa. Lakini tuiweke kando ya tatu katika milioni ya Compton. Inaipita mara elfu kumi na sita na zaidi, na kazi haisimami.

Wako wanaokataa. Yann LeCun, Mfaransa, mwenye heshima ileile ya elimu, amesema mara nyingi ya kuwa mashini hizi hazijafikia hata akili ya paka, na ya kuwa kitu kisicho na tamaa hakitafuti kutawala. Neno lake lina uzito. Lakini halijibu mfano wa mtumishi: yule aliyefukuza wagonjwa hakuwa na tamaa ya ufalme, alitii tu.

Tena iko hatari ya karibu, isiyongoja mashini ipite mtu. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, katika Urusi, ofisa Stanislav Petrov alikuwa zamuni mbele ya ordinatere zilizolinda anga. Zikaandika ya kuwa Marekani imetupa kombora moja, kisha ingine, mpaka tano. Petrov akafikiri: mtu anayeanza vita ya namna hii hatumi matano tu. Akawaambia wakubwa ya kuwa ni kosa. Lilikuwa kosa: mwanga wa jua juu ya mawingu ulidanganya macho ya mashini. Usiku ule palikuwa na mtu kati ya mashini na moto. Papa Fransisko, mbele ya wakubwa wa inchi saba tajiri, tarehe 14 Juni 2024, aliomba silaha zinazojichagulia wa kuua zikatazwe, ili mashini isikate kamwe neno la kuondoa uhai wa mtu.

Wakubwa wa serikali walikutana juu ya hayo katika Bletchley Park ileile ya Turing, tarehe 1 na 2 Novemba 2023. Inchi 28 zilikubali kwa maandiko ya kuwa hatari ni kubwa. Walipokutana tena Paris, mwezi wa Februari 2025, Marekani na Uingereza zilikataa kutia sahihi. Kati ya zile 28 za Bletchley, Afrika ilikuwa na tatu: Kenya, Nijeria na Rwanda. Inchi yetu, ambayo kobalti na shaba yake inaendelea kutoka Kolwezi na Likasi kwenda kwa watengenezaji wa vyombo hivi, haikuwamo.