Ada ya Moto Mkuu wa Texas

Huko College Station, katika jimbo la Texas, Marekani, wanafunzi wa chuo cha Texas A&M walikuwa na ada, iliyoanza takriban mwaka 1907, ya kuwasha moto mkuu kila Novemba kabla ya kupambana na mahasimu wao wa Chuo Kikuu cha Texas katika mchezo wa mpira wa Kimarekani; na lililoanza kuwa chungu ya takataka likageuka, mwaka baada ya mwaka, mnara wa magogo yaliyosimamishwa tabaka juu ya tabaka kuizunguka nguzo ya kati, hata mwaka 1969 ukafikia futi 109.

La kustaajabisha ni kwamba mnara huo, katika chuo mashuhuri kwa ilimu ya uhandisi, ulijengwa na wanafunzi wenyewe pasina mchoro wa mhandisi wala hesabu iliyokaguliwa. Uongozi ulikuwapo, tena wenye taadhima: wakuu walivaa kofia ngumu nyekundu, na chini yao wakawapo wenye za kahawia na za manjano, kila mmoja akijua amtii nani. Bali maarifa yalirithishwa kwa mdomo, na kwa kuwa kila kundi lilihitimu baada ya miaka michache, geuzo dogo la mwaka huu lilikuwa desturi ya mwaka ujao, wala hakubaki wa kueleza sababu yake. Mwaka 1994 mnara uliporomoka baada ya mvua kubwa. Ukajengwa upya, na nadhani fahari ya kuujenga ndiyo iliyolifunika swali la kwa nini ulianguka.

Tarehe 18 Novemba 1999, saa nane na dakika 42 za usiku, wanafunzi wakiwa kazini juu yake, mnara wa magogo yapatayo 5,000, uliokuwa umefika futi 59, ulianguka ukaua watu 12 na kujeruhi 27.

Tume iliyoundwa ilibaini kwamba magogo ya tabaka la pili yalijipenyeza kama kabari baina ya yale ya kwanza na kuyasukuma nje, ilhali waya zilizoyafunga hazikuweza kuyazuia; na kamba za chuma, zilizokuwa zikizungushwa miaka iliyotangulia, mwaka ule hazikutumika. Tena ikaona kwamba wasimamizi wa chuo walishughulika na ulevi, mateso ya wanafunzi wapya na majeraha ya kazini, wasiutazame muundo wenyewe. Siwezi kuwalaumu vijana wale kwa uvivu wala utovu wa nidhamu, maana walikuwa na bidii kupita kiasi. Walilokosa ni mtu mwenye dhamana ya kupima, na mwenye idhini ya kuisimamisha kazi bila kuonekana msaliti wa ada.

Chuo kiliuondoa moto huo katika viwanja vyake, na maafa yale yakaingia katika masomo ya maadili ya wahandisi. Wanafunzi wanaouendeleza nje ya chuo wameugeuza muundo: sasa kila gogo, liwe refu au fupi, sharti liguse ardhi.