Jaketi okozi

Jaketi okozi ni vazi la kifuani lenye povu jepesi au mfuko wa hewa, linalomwezesha aliyeanguka majini kuelea hata kama hajui kuogelea. Aina yake nyepesi, fulana ya kuelea, huvaliwa na wachezaji wa ubao wa tanga, yaani ubao unaosukumwa na upepo mchezaji akiwa amesimama juu yake; kwa viwango vya kimataifa vya ISO 12402 fulana hiyo huwa na nguvu ya kunyanyua ya nyutoni 50, ambayo humsaidia mwenye fahamu lakini haitarajiwi kumgeuza aliyezimia ili uso utazame juu, kazi iliyokusudiwa kwa majaketi ya nyutoni 150. Wepesi huo una faida, kwa kuwa aliyefunikwa na tanga huweza kuzama kidogo akajinasua.

Hata wanaoishi mbali na maji huweza kulihitaji jaketi hilo. Wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, ziko nyanda za juu, mbali na ufuko, lakini wakazi wake washukapo mjini Kigoma hukutana na Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takribani mita 1,470, ambalo upepo wa kusini-mashariki hulichafua wakati wa kiangazi. Wageni pia hupita ziwani humo: mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walisafirishwa kwa meli ya MV Liemba kutoka kijiji cha Kagunga hadi Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Katika safari kama hizo, jaketi lililorundikwa chini ya viti halimfai abiria chombo kinapopinduka. Lapasa kuvaliwa na kufungwa vifungo vyote kabla ya boti kuondoka.