Mmea wa Kulelea: Kipepeo Hutaga Wapi?

Mndimu mchanga uliopandwa uani Malaba haukawii kupata mgeni. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano hafifu huja akipapatika, hupapasa jani changa kwa miguu, kisha huacha yai moja, dogo kuliko punje ya wimbi. Kiwavi anayetoka humo huanza maisha akijifanya kinyesi cha ndege, kahawia na nyeupe, ili asiliwe. Akikua hugeuka kijani. Ukimgusa, huchomoza nyuma ya kichwa kiungo chenye panda mbili, rangi ya machungwa, na harufu kali hutapakaa. Jina la kisayansi la kipepeo huyu ni Papilio demodocus.

Kwa Kiingereza mndimu huo huitwa «host plant»: mmea ambao jike huuchagua kutagia na ambao kiwavi huula mpaka awe pupa. Tafsiri rahisi ya Kiswahili ni mmea mwenyeji, iliyofuata mkondo wa elimu ya vimelea, ambako kiumbe anayebeba kimelea ni mwenyeji wake. Darasani inatosha. Bustanini inaleta utata.

Mtu wa Busia akisikia mwenyeji humwaza mzaliwa wa mahali: Mkhayo, Msamia, Mteso. Papo hapo mmea mwenyeji unageuka mmea wa kienyeji, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Asili ya mndimu ni Asia, lakini unamlea kipepeo huyu wa Afrika vizuri tu. Kabla ya michungwa na mindimu kufika, mabibi zake walitaga kwenye miti ya porini ya ukoo huohuo.

Sasa geuza mfano. Mitoo, ambayo Waluhya huiita miro, ni mboga ya kienyeji hasa. Kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, Danaus chrysippus, huonekana akiizunguka, na aliye na haraka atadhani anataga. La. Hao ni madume. Huparura majani yaliyonyauka na kufyonza kemikali ambazo baadaye huwapa harufu ya kuwavutia majike. Jike anapotaka kutaga huenda kwingine, kwenye mimea ya porini yenye utomvu mweupe kama vile Gomphocarpus. Viwavi wake wenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano hula majani hayo yenye sumu na kuihifadhi mwilini, hata ndege huonja mara moja na kukoma.

Maua nayo yana kesi yake. Alizeti pori, iliyotoka Meksiko na kuwa ua la mashamba mengi ya magharibi ya Kenya, huwanywesha vipepeo nekta. Lantana pia, ile ambayo Wajaluo huiita nyabend winy. Lakini kunywa si kutaga, na bustani ya maua matupu ni hoteli: wageni hulipa, hulala, huondoka. Tena lantana isipandwe kwa ajili ya vipepeo. Vichaka vyake ni maficho ya mbung'o. Huko Busoga, ng'ambo ya mpaka wa Kenya na Uganda, vimehusishwa na malale, na Alupe, karibu na mji wa Busia, palikuwa na hospitali ya rufaa ya ugonjwa huohuo.

Basi neno gani lifae? Mmea mlishi unataja chakula tu, na mitoo na lantana zingeingia humo bila kubisha hodi. Mmea mlezi ni mtamu masikioni, ila wingi wake unasumbua: mimea walezi, au mimea milezi? Mmea wa kulelea hauna shida hiyo. Mimea ya kulelea, basi. Tena kauli ya kutendea inaonyesha kwamba mmea ni mahali: hapo ndipo mtoto wa kipepeo hulelewa.

Kuna atakayepinga, na huenda akawa mama mwenye shamba la viazi vitamu, mabwoni kwa Waluhya, acok kwa Wateso. Acraea acerata hutaga mayai kwa mafungu kwenye majani ya viazi. Viwavi wake wenye miiba hukaa pamoja chini ya utando kwa takriban wiki mbili za mwanzo, kisha hutawanyika, na mlipuko wao, hasa kiangazi kinapoanza, huacha mashina matupu. Nani alimwomba alee? Lakini istilahi inaeleza uchaguzi wa kipepeo, si hiari ya mkulima. Na mkulima aliyeielewa anajua la kufanya: kung'oa na kuharibu majani yenye utando mapema, kabla viwavi hawajatawanyika.

Huko Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ujuzi huu unaleta pesa. Tangu mradi wa Kipepeo uanze mwaka 1993, wakulima hupanda miche ya kulelea, hufuga viwavi, na pupa husafirishwa hadi nyumba za maonyesho ng'ambo.

Uani Malaba, mindimu miwili inatosha, mmoja wa jikoni na mmoja wa viwavi, na dawa ya wadudu ikae mbali na huo wa pili. Viwavi wachache huweza kuumaliza mche mdogo, kwa hiyo wakizidi wahamishiwe kwenye mchungwa au mndimu uliokomaa. Wakipelekwa kwenye viazi watakufa njaa juu ya majani mabichi.