Jibu la namba katika jaribio la mtandaoni

Jibu la namba ni thamani ambayo mtunzi wa jaribio la mtandaoni huupa mfumo, pamoja na tofauti inayoruhusiwa, ili kompyuta isahihishe yenyewe. Katika Moodle, programu huria iliyoanzishwa Australia na Martin Dougiamas na kutolewa mwaka 2002, mtunzi hujaza vyote viwili.

Kwa mwanafunzi wa kata ya Daraja Mbili, jijini Arusha, mfano uko jirani: urefu wa Mlima Meru. Vitabu vingine huandika mita 4,562, vingine 4,565 au 4,566. Swali lenye jibu 4562 na tofauti 5 hupokea namba yoyote kuanzia 4557 hadi 4567. Tofauti ikiachwa 0, aliyesoma vizuri hukosa alama, na huo ni uonevu. Vivyo hivyo, eneo la duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 7 ni sentimita za mraba 154 kwa pai ya 22/7, lakini 153.86 kwa pai ya 3.14; tofauti 0.2 huwatosha wote.

Kipimo kitajwe ndani ya swali. Alama ya mkato nayo ni ya kuangaliwa sana: mfumo uliopangwa kwa lugha inayoandika desimali kwa mkato huweza kuisoma 4,562 kama nne nukta tano sita mbili.